Kompyuta Iliyotangazwa Mnadani

Swali la kwanza ambalo baba alimuuliza muuza kompyuta juu ya mashine yenyewe halikuhusu bei wala uimara. Alimuuliza mwenyewe yuko wapi.

"Mwenye nini, mzee?"

"Mwenye hii." Baba aliigusa ile laptop kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima uji kama bado wa moto.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, uso unaniwaka. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, nimetoka chuo kwa likizo ndefu, na nilikuwa nimejiandaa kwa siku ile kuliko nilivyowahi kujiandaa kwa mtihani wowote. Nilijua ninataka prosesa ya aina gani, memori kiasi gani, kadi ya picha yenye nguvu gani. Kitu ambacho sikujiandaa nacho ni baba yangu.

Niseme kwanza kwa nini jambo lenyewe lilikuwa zito. Mwaka wa kwanza niliumaliza kwa kuazima. Mwenzangu wa chumbani akienda kanisani, mimi nachora kwenye mashine yake. Akirudi, naifunga hata kama mchoro uko nusu. Maabara ya chuo ilikuwa na foleni, na kwenye foleni wavulana walikuwa na tabia ya kuwashikia wenzao nafasi hadi unakuta umesimama nyuma ya watu wasiokuwepo. Nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo la michoro. Niliirudia nikapita kwa kuponea chupuchupu, na somo jingine nikalibeba kwenda nalo mwaka wa pili. Mhadhiri alituaga kwa kutuambia kwamba mwaka wa pili una mradi wa usanifu, kila mtu na mashine yake, na programu zenyewe ni nzito. Mashine nyepesi itaganda na mradi utaganda nayo. Mimi nilikuwa nimebakiza kosa moja tu kabla ya kudisko. Kudisko ni kurudi kwenu na begi lako na kujibu maswali ya watu mpaka uolewe.

Nyumbani ni Kasansa. Sisi ni Wasukuma. Baba alikuja huku Mpimbwe na ng'ombe zake pamoja na mdogo wake kabla mimi sijazaliwa, wakakata miti ya boma wakakaa. Nilipomweleza habari ya mashine hakunizungusha. Alikwenda zizini, akawatazama ng'ombe zake kwa muda, akarudi akasema atauza dume mmoja wa kulimia. Baba mkubwa mmoja wa ukoo wetu alipokuja kulalamika kwamba dume la jembe haliuzwi kwa ajili ya mtoto wa kike, baba alimwambia anywe maziwa aende zake. Nilimpenda sana baba yangu siku ile. Halafu akatoa sharti lake.

"Nitakwenda mwenyewe. Mali inayotoka kwenye ng'ombe wangu naiona kwa macho yangu."

"Utaiangalia meno?" mama akamuuliza, na tukacheka wote isipokuwa baba.

Nilijaribu kumwambia kwamba ningeweza kununua huko huko chuoni, ambako maduka ni mengi. Hakunijibu, na kwetu baba asipokujibu ujue amekwisha kujibu. Tukapanda basi la Mpanda. Baada ya Kibaoni kondakta akatuamuru tufunge madirisha kwa sababu ya ndorobo, wale mbung'o wa hifadhini, tukaiva kwa joto humo ndani. Pale Sitalike abiria wageni walisimama kuwachungulia viboko kwenye tope. Baba alikaa na fimbo yake katikati ya magoti, anatazama mbele, kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi.

Maduka mawili ya kwanza tuliyoingia hapo Mpanda yalikuwa na laptop mpya nyembamba, nzuri kwa kuandikia barua na kutazamia filamu. Niliziwasha, nikasoma zilichobeba, nikazifunga. Baba alizipenda. Alizinyanyua, akazigonga mgongoni, akazinusa. Duka la tatu, jirani na soko, lilikuwa la kijana wa Katumba, mwembamba, mpole, anayeongea huku anafuta vumbi kwenye kila kitu. Baba alimuuliza kwao wapi, naye akasema Katumba, wazazi walitoka Burundi, sasa ni raia na karatasi wanazo. Alilisema hilo la karatasi upesi, bila kuulizwa. Baba akamwambia, "Mimi nilikuja huku na fimbo, wala karatasi sikuwa nayo," na nikaona kijana amelegea kidogo.

Yeye ndiye aliyekuwa na mashine yangu. Ilikuwa nyeusi, nene, nzito, imetumika ofisini Ulaya miaka kadhaa. Used, kama tunavyoziita, na kila mwanafunzi anajua used ya Ulaya inaishinda mpya ya dukani, ambayo unalipia rangi. Niliiwasha, nikaona kilichomo: ndiyo yenyewe. Nilimwomba kijana aniwekee programu ya kuchorea ya majaribio, nikafungua mchoro mkubwa wa jengo na kuuzungusha. Mashine ya kuazima ilikuwa inaganda hapo hapo. Hii iliuzungusha bila shida yoyote. Nikageuka kumwambia baba kwamba tumepata, nikamkuta ameufunga mfuniko taratibu na ameinama juu yake.

Kwenye mfuniko kulikuwa na chapa. Herufi tatu, mstari, na namba, vimechomwa kwenye ile plastiki na ofisi iliyokuwa ikiimiliki, kama ofisi nyingi zinavyofanya kwa vifaa vyao. Mimi hata sikuwa nimeiona. Kwangu ilikuwa sawa na mchubuko.

Hapo ndipo baba alipouliza mwenyewe yuko wapi.

Kijana akaeleza vizuri tu. Ofisi za huko zikibadilisha mashine, za zamani zinauzwa kwa mkupuo, zinaletwa kwa kontena, zinasambazwa mpaka huku. Risiti atatoa, na miezi ya dhamana ataandika.

"Unamjua aliyeuza?"

"Huyo wa huko simjui, mzee. Namjua wa Dar anayeniletea."

"Na wa Dar anamjua wa huko?"

Kijana akanitazama nimsaidie. Nikasema, kwa sauti niliyokuwa naitumia kwa baba mara chache sana, "Baba, hii siyo ng'ombe."

"Ina chapa ya mtu," alisema baba. "Mimi sinunui kitu chenye chapa ya mtu nisiyemwona." Akatoka nje.

Ni lazima nieleze jambo hapa, maana asiyefuga anaweza kumcheka baba, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kumcheka. Mfugaji hanunui mnyama mwenye chapa bila kumwona mwenye chapa, au mtu anayemjua, au mashahidi. Na mnyama ambaye chapa yake imechezewa, imeunguzwa juu yake au kukwanguliwa, huyo hata bure hachukuliwi. Kwetu kulikuwa na sababu ya ziada. Baba mdogo, yule aliyekuja na baba kutoka kaskazini, alikamatwa malishoni na dume lenye chapa iliyofutwa. Akakaa mahabusu muda mrefu. Aliporudi alikuwa mifupa na kikohozi, na hakuwahi kupona. Nilikuwa shule ya msingi alipokufa. Nyumbani tulisema alikufa kwa kifua. Shuleni watoto walisema alikuwa mwizi, na kwa kuwa nyumbani hakuna aliyekanusha, na mimi nikaamini hivyo. Nilikuwa na hasira naye, nisifiche. Msukuma mwenye ng'ombe wengi ugenini anatuhumiwa hata akiwa amelala. Yeye alikuwa ametupa sababu ya kutuhumiwa.

Nilimkuta baba kwa mama lishe, sahani ya wali mbele yake, hajaigusa. Nikakaa. Nikamweleza upya, safari hii bila kiburi. Nikamwambia habari ya kontena, ya ofisi, ya mhadhiri, ya sapu ambayo sikuwa nimewahi kumweleza. Nikamwambia zile nyembamba alizozipenda zitanirudisha nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile chapa," akasema, "wameiacha wazi. Hawakuificha."

"Hawakuificha, baba."

"Mwizi angeificha." Akavuta sahani, akala. Alipomaliza akanawa, akasema, "Twende. Mtu ambaye ameacha chapa wazi haogopi kuulizwa."

Nilitembea mbele yake kurudi dukani kama msichana anayekwenda kuchezwa ngoma.

Yule kijana alitupokea kwa tabasamu pana. Alikuwa ameketi na kipande cha msasa mkononi, na mashine mapajani. "Mzee, nimeona ile chapa imekusumbua," akasema, "nimekufutia. Angalia, haionekani tena. Nikuwekee na stika juu yake?"

Nimejaribu mara nyingi kumkasirikia kijana yule na nimeshindwa. Alifanya kwa wema. Kwenye biashara yake hilo ni jambo la kila siku, wateja hawapendi alama za watu, na yeye ni mtu ambaye amelelewa kuondoa kila kinachoweza kuleta maswali. Lakini uso wa baba ulibadilika mpaka nikamshika mkono. Alikaa juu ya boksi la printa. Alitazama ule weupe uliobaki pale kwenye mfuniko, plastiki iliyokwanguliwa, vumbi lake bado liko kwenye suruali ya kijana.

"Nani amekwambia ufute?"

"Hakuna, mzee. Nilitaka iwe safi."

"Ilikuwa safi," alisema baba.

Niliona kila kitu kinaniponyoka: dume limekwisha kuuzwa, chuo kinakaribia kufunguliwa, na katika mji mzima mashine ya kunifaa ilikuwa ile moja. Nikasema, "Baba, nikikosa hii nimekwisha." Sikuwa nimepanga kulia, na nilichukia kulia mbele ya mwenye duka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba alinyanyuka akaweka pesa kwenye kaunta bila kumtazama mtu. Kisha akamwambia kijana aandike risiti kwa jina lake yeye.

"Baba, mwenye kuitumia ni mimi. Ikiharibika, dhamana..."

"Jina langu, mayu."

Kwetu baba akimwita binti yake mayu, yaani mama, anambembeleza. Kijana akaandika jina la baba. Njia nzima ya kurudi aliibeba yeye mapajani, ndani ya begi lake, akiwa ameishika kwa mikono miwili. Nilidhani ananihurumia.

Tulipofika Kasansa hakuiingiza bomani. Aliniambia nimsubiri kwenye uzio, akamwita mama ampe maji ya kunywa pale pale nje, kisha akaondoka nayo kuelekea ofisi ya kijiji. Nikamfuata nikiwa nakimbia. Ndiyo desturi, na naijua tangu utoto: mnyama asiyejulikana akifuata kundi lako mpaka nyumbani, halali bomani. Unampeleka kwa viongozi, unamtangaza mnadani mbele ya watu, na asipojitokeza mwenyewe, kila mtu ni shahidi kwamba uliuliza. Lakini mnyama anajileta. Hii tulikuwa tumeinunua, na risiti ilikuwa mfukoni mwake.

Mtendaji wa kijiji alitusikiliza huku anabana midomo asicheke. "Mzee wangu, mimi nina rejista ya mifugo," akasema. "Ya kompyuta sina."

"Usiandike. Funga kwenye kabati lako mpaka siku ya mnada."

"Baba, siku inayofuata mnada ndiyo siku yangu ya kusafiri."

"Basi utakuwepo."

"Na akitokea mtu akasema ni yake?"

"Nitampa," alisema baba.

Nilimwambia maneno mabaya pale. Nilimwambia ananiua kwa ushamba. Mtendaji akaangalia dirishani. Baba hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Baba ambaye hunyamazisha nyumba nzima kwa kukohoa alisimama akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akampa mtendaji begi na akaniambia twende nyumbani, jua linazama.

Siku zilizofuata sikuongea naye. Nilikuwa natumwa maji, naenda. Naitwa kula, nakula na mama jikoni. Mama alinisihi niwe na subira, nikamwambia subira haina programu ya kuchorea. Kulikuwa na hofu ya kweli chini ya hasira yangu. Mnadani wanakuja watu wa kila aina, na mtu mjanja akisikia kuna mashine inagawiwa kwa atakayesema yangu, atakosa nini? Mimi nilikuwa nahesabu maisha yangu yote yamewekwa juani, anayetaka aokote.

Siku ya mnada vumbi lilikuwa jingi na ng'ombe wengi. Mnadi alikuwa amepanda juu ya gogo na kipaza sauti chake cha betri. Kabla ya kuanza mauzo hutangaza waliopotea na walioonekana: ndama mwekundu wa fulani, mbuzi wawili wa mahali fulani. Kisha akasema, huku anacheka, "Na hapa kuna mzee wetu, ameona kompyuta. Nyeusi. Chapa imekwanguliwa, ila yeye aliiona kabla, ni hii hapa."

Akanyanyua kipande cha boksi. Baba alikuwa amechora kwa mkaa zile herufi tatu, mstari na namba zote. Baba hajui kusoma, ila chapa akiitazama mara moja haimtoki kichwani.

Watu wakaangua kicheko. "Ina mimba?" mmoja akauliza. "Inakamuliwa mara ngapi kwa siku?" mwingine akataka kujua. Wenzangu niliosoma nao shule ya msingi walikuwepo, na nilitamani nirudi Mpanda kwa miguu. Mtendaji alikuwa kando, begi begani, hajui atazame wapi.

Baba akakiomba kipaza sauti. Sijawahi kumwona baba ameshika kipaza sauti, na alikishika mbali na mdomo mpaka mnadi akamsogezea.

"Nyie mnanijua," alisema. "Na mdogo wangu mlimjua. Wengi wenu mlisema ni mwizi."

Kicheko kikapungua.

"Lile dume alilokamatwa nalo nililinunua mimi. Hapa hapa. Aliyeniuzia aliniambia chapa imekwanguka kwa kujikuna kwenye miti, nikakubali kwa sababu bei ilikuwa ya chini. Mdogo wangu alikuwa analichunga tu. Walipomkuta nalo wakamuuliza la nani, akasema ni lake. Hakunitaja. Na mimi nilikuwa nyumbani, nikaambiwa amekamatwa, sikwenda kusema."

Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mlipomwita mwizi nilikuwepo. Sikusema. Sasa nimenunua tena kitu kilichokwanguliwa chapa, na atakayekichunga ni mtoto wangu, tena mbali, mahali asipomjua mtu. Mwenye nacho kama yupo aje achukue, aje kwangu mimi. Na kama hayupo, nyote mmesikia kwamba mnunuzi ni mimi."

Akarudia kuuliza kama yupo mwenyewe. Nilikuwa nimeogopa wajanja, na wajanja walikuwepo, nawajua hata kwa majina. Hakuna aliyejitokeza. Hatimaye mwanamume mmoja wa makamo, mfugaji tuliyepakana naye malisho, akasema, "Mpe mtoto mali yake, asome." Mnadi akachukua kipaza sauti, akaita ng'ombe wa kwanza, na mnada ukaendelea kama minada yote.

Mtendaji akanipa begi. Nililipokea lakini sikulifungua. Nilikuwa nimetaka mashine ile kuliko kitu chochote, na sasa iko mikononi mwangu nilikuwa nafikiria mtu niliyemchukia tangu darasa la nne, aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda kisimani na ambaye, alipoanza kukohoa, sikutaka anishike. Nilimtafuta baba katika umati nikamkuta ameegemea uzio wa mnada, mzee ghafla. Nikasimama karibu naye. Nilikuwa na huruma naye, na nilikuwa na hasira naye, mpya kabisa, siyo ile ya kompyuta. Miaka yote ile aliwaacha wamwite mwizi, na mimi aliniacha niwaamini. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Wabeja, baba." Ahsante. Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake asubuhi alinisindikiza barabarani. Mama alikuwa ameniaga nyumbani, kwa hiyo tulikuwa wawili tu na mabegi. Basi lilipoonekana kwa mbali, vumbi lake likitangulia, akanisogelea.

"Wakikukamata nayo," akasema, "usiseme ni yako."

"Baba, hakuna atakayenikamata. Kila mwanafunzi ana mashine kama hii."

"Huenda. Lakini wakikuuliza, sema ni ya baba yangu. Sema jina langu na kijiji. Sema yupo nyumbani, mfuateni. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usinyamaze, mayu. Nitaje."

Kondakta alikuwa ameshaanza kupakia begi langu la nguo. Nikapanda na lile jingine kifuani, nikakaa dirishani. Nilikuwa najua kwamba hakuna askari duniani atakayeniuliza habari ya zile herufi tatu. Na nilikuwa najua kwamba siku akitokea, akaniuliza ni ya nani, nitamwambia ni yangu, kama vile baba mdogo alivyosema, ili wasimfuate baba, wala sitahitaji kufikiri kwanza. Baba alikuwa amesimama chini ya dirisha.

"Umekubali?"

"Nimesikia, baba."

Anajua tofauti ya kusikia na kukubali, ndiye aliyenifundisha. Basi likaanza kwenda. Aliushika ukingo wa dirisha akatembea nalo, kisha akakaza mwendo, fimbo imemdondoka nyuma, ananitazama, anasubiri nikubali. Mimi sikukubali.